Saa ya Toleo Maalumu: Ile Namba ya Mita Mgongoni Ina Maana Gani?

Igeuze saa ya kifahari ya toleo maalumu uitazame mgongoni. Mara nyingi utakuta namba mbili zimechorwa kwenye ule mfuniko wa chuma. Moja husomeka kama 45/170, yaani hii ni ya 45 kati ya saa 170 zilizotengenezwa. Nyingine husomeka 30 m, au 3 BAR. Ile ya kwanza watu huielewa bila shida. Ya pili ndiyo inayoponza saa, kwa sababu mwenyewe hudhani ameruhusiwa kuzama nayo mita 30.

Namba hiyo inazungumzia shinikizo. Ukishuka majini, kila mita 10 huongeza takriban baa 1 (baa, au BAR, ni kipimo cha shinikizo), kwa hiyo mita 30 na baa 3 ni kitu kilekile kilichoandikwa kwa njia mbili. Saa za kawaida zinazoandikwa kuwa zinahimili maji zina kiwango chao cha kimataifa, ISO 22810 cha mwaka 2010. Saa huzamishwa kwenye maji ya kina cha sentimita 10 kwa muda wa saa moja, huhamishwa kutoka maji ya joto kwenda ya baridi na kurudi, kifundo chake cha pembeni, kile cha kurekebishia majira, husukumwa ikiwa bado majini, kisha hutiwa kwenye shinikizo lililoandikwa mgongoni kwa dakika 10.

Baada ya hapo huja kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa ni chepesi na hakifichi kitu. Saa hulazwa juu ya bamba lenye joto la nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi. Ikishapata moto, hudondoshewa tone la maji baridi juu ya kioo. Dakika moja baadaye tone hufutwa kwa kitambaa. Kama kuna unyevu ndani, hata ule usioonekana kwa macho, ukungu mdogo hujitokeza chini ya kioo palepale tone lilipokuwa. Saa yenye ukungu huo imefeli.

Sasa angalia mazingira ya mtihani wenyewe. Saa ni mpya, imetulia, na maji ni safi. Isitoshe, kiwango hicho hakilazimishi kila saa ipimwe, sampuli inatosha. Namba ya mgongoni basi ni matokeo ya mtihani wa siku ile. Haisemi lolote kuhusu hali ya saa hiyohiyo miaka minane baadaye.

Kuna maelezo yanayorudiwa kila mahali kwamba saa ya mita 30 haifai kuogelea kwa sababu ukipiga mkono majini shinikizo hupanda mara nyingi zaidi. Hesabu inayakataa. Mkono unaokata maji kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, ambayo ni kasi kubwa kwa muogeleaji, huongeza kama baa 0.125 tu, sawa na kushuka mita 1 na robo. Ushauri wa kutoogelea na saa ya mita 30 ni mzuri na mimi naufuata, lakini sababu yake si hiyo.

Sababu ni raba. Maji huzuiwa na vipete vyembamba vya raba, vingine vyembamba kama uzi wa kushonea, vilivyobanwa sehemu tatu: chini ya mfuniko wa mgongoni, kuzunguka kioo, na kwenye mhimili wa kile kifundo cha pembeni. Kipete kipya ni laini, ukikibonyeza kwa kucha kinarudi umbo lake. Kilichozeeka kimelala bapa, kimekauka, na ukikikunja kinapasuka. Jasho, sabuni, manukato, chumvi ya bahari na klorini ya bwawa la kuogelea vyote hukila. Joto nalo lina hila yake. Chuma, kioo na raba havitanuki kwa kiasi kimoja, kwa hiyo anayetoka kwenye bafu la mvuke na kujimwagia maji baridi anaifungulia saa yake upenyo usiokuwapo dakika moja kabla. Na kuna kosa ambalo mara nyingi raba haiwezi kulizuia: kuvuta kifundo ili kurekebisha majira, kisha kusahau kukirudisha ndani. Saa ya mita 200 yenye kifundo kilichoachwa wazi inaweza kuingiza maji kwenye sinki la kunawia mikono.

Je, toleo maalumu linabadilisha chochote hapa? Aghalabu hapana. Mwaka 2021 Patek Philippe, watengenezaji wa saa wa Uswisi, walitoa saa yao ya Nautilus 5711 yenye uso wa rangi ya buluu ya Tiffany, duka la vito la Marekani, saa 170 tu, na ya kwanza iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6 za Marekani. Uwezo wake wa kuhimili maji ulikuwa mita 120, uleule wa Nautilus 5711 ya kawaida. Uchache ndio uliopandisha bei, na uchache haukazi kipete hata kimoja.

Wakati mwingine saa inapozidi kuwa ya kifahari ndivyo inavyozidi kuogopa maji. Chukua zile zinazogonga kengele ndogo ndani kukujulisha saa na dakika. Sauti lazima itoke, na kasha lililofungwa kabisa huimeza. Ndiyo maana nyingi kati ya hizo hazidai kuhimili maji hata kidogo, na mtengenezaji husema wazi kuwa zimekingwa dhidi ya vumbi na unyevunyevu tu. Saa ya bei ya nyumba inaweza kuharibiwa na manyunyu, na hilo si kosa la aliyeiunda. Aliunda kitu cha kusikilizwa.

Saa ya kuzamia ni jamii nyingine kabisa. Kiwango chake ni ISO 6425, kinachodai angalau mita 100, kila saa ipimwe moja moja, tena kwa shinikizo linalozidi lile lililoandikwa kwa asilimia 25. Ikiandikwa mita 200, imepita mtihani wa mita 250. Kwa anayetaka kwenda chini ya maji kwa dhati, hiyo ndiyo alama ya kutafuta.

Wanaonisikitisha ni wanaonunua toleo maalumu na kulifungia kwenye sefu wakidhani wamelihifadhi. Raba huzeeka hata gizani, bila kuguswa na tone la maji. Anayekuja kuinunua miaka 15 baadaye hupewa sanduku, cheti, saa isiyo na mkwaruzo, na vipete vilivyokufa. Wenye saa hizi huogopa kumpa fundi azifungue, wakihofia mfuniko wenye namba utachubuka. Hofu hiyo naielewa, lakini kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua chochote wala kutumia maji. Fundi huiweka saa kwenye chemba ndogo, hupampu hewa, na kipimio huangalia kasha limebonyea kiasi gani, kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele. Kasha likibaki limebonyea, hewa haiingii. Likianza kurudi umbo lake taratibu, hewa inapenya mahali fulani, na hapo ndipo mfuniko unapaswa kufunguliwa na vipete kubadilishwa kabla mwenyewe hajanawa nayo mikono.