Bakteria dhidi ya ukungu wa kijani kwenye uyoga: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwa wanaolima uyoga mamama (Pleurotus) kuzunguka Mwanza, masika ndiyo msimu wa Trichoderma, yaani ukungu wa kijani. Hewa ya ziwa ina unyevu, na mabua ya mpunga ya Magu au Misungwi mara nyingi yameshalowa mvua kabla hayajapakiwa kwenye mifuko ya kuoteshea uyoga. Bakteria wanaopambana na ukungu huu wapo, hasa Bacillus subtilis na Bacillus velezensis. Wanachosifiwa mtaani ni kingine.

Dhana: Mfuko ukishaota kijani, nyunyizia bakteria utapona.

Hauponi. Ile rangi ya kijani ni vijimbegu vya ukungu kwa mamilioni, na bomba likivipiga vinarukia mifuko ya jirani. Usiufungue mfuko huo. Uvike mfuko mwingine, utoe nje, uuzike au uuchome mbali na banda.

Bacillus kazi yake ni kuwahi. Hushika nafasi na chakula, kisha hutoa kemikali zinazotoboa utando wa seli za ukungu. Kwa hiyo huwekwa siku ya kupanda: mabua yakishapoa chini ya nyuzi 30, yanyunyizie bakteria huku ukigeuza, ndipo uchanganye mbegu, gramu 300 hadi 500 kwa kilo 10 za mabua yaliyolowa. Hesabu maji ya dawa ndani ya unyevu wote. Ukikamua mabua kwa ngumi, yatoe tone moja au mawili. Yakichuruzika, kitako cha mfuko kitaoza hata kama dawa ni nzuri.

Dhana: Ukiwa na bakteria, kuchemsha si lazima.

Ni lazima. Maji ya pipa yafike nyuzi 70 hadi 80, na mabua yazame humo saa 1 hadi 2. Joto hilo huua ukungu mwingi lakini huacha vijimbegu vya Bacillus wa asili waliomo kwenye mabua, kwa hiyo ulinzi wa kwanza unaupata bure. Kinachoharibu kazi ni tamaa ya pumba: zikizidi sehemu 5 kwa 100 kwenye mabua ya kuchemsha tu, ukungu unakula kabla ya uyoga.

Dhana: Dawa yoyote ya kibayolojia inafaa.

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Maduka ya pembejeo huuza dawa za kibayolojia zenye Trichoderma, nzuri kwa nyanya na mboga kwa sababu inashambulia kuvu wa magonjwa ya mizizi. Uyoga nao ni kuvu. Ukiiingiza bandani umemleta adui kwa fedha yako. Soma jina la kiumbe kwenye lebo, si picha ya mmea, na uangalie kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA).

Dhana: Ikitumika Ufaransa, itafanya kazi vilevile hapa.

Ufaransa hutumia Bacillus velezensis wa aina iitwayo QST 713 kwenye mboji ya uyoga wa kifungo, dhidi ya Trichoderma aggressivum. Mamama huoteshwa kwenye mabua, na husumbuliwa zaidi na Trichoderma za aina nyingine. Jaribu kwanza mifuko 10 yenye dawa na 10 isiyo nayo, kutoka pipa moja na mbegu moja.

Dhana: Ukizidisha kipimo, kinga inaongezeka.

Kemikali zinazozuia ukungu zinaweza pia kuchelewesha utando mweupe wa uyoga. Utando ukichelewa, mfuko unabaki wazi kwa ukungu muda mrefu zaidi. Fuata lebo.

Dhana: Bacillus ni rafiki popote alipo.

Kwenye chupa ya mbegu ya uyoga, ambayo hukuzwa juu ya nafaka, ni balaa. Vijimbegu vyake havifi kwa maji yanayochemka. Akibaki humo, nafaka huwa na utelezi na harufu ya uchachu. Kwa hiyo nafaka inahitaji mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121.

Jambo moja linasahaulika: maji ya bomba yenye klorini yanaweza kudhoofisha bakteria unaowanunua. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, changanya dawa asubuhi, uimalize siku hiyohiyo. Bomba la kunyunyizia lililobeba dawa ya kemikali ya kuua ukungu au maji ya klorini lisitumike bila kuoshwa.