Je, wajua? Ilikuwaje Augustino Ramadhani akawa Jaji Mkuu mara mbili ndani ya nchi moja

Wasifu wa marehemu Augustino Ramadhani una jambo linalomtatiza hata mwanafunzi wa sheria. Katika miaka ya 1980 alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar. Mwaka 1989 akawa jaji wa Mahakama ya Rufani, akakaa hapo karibu miaka 18. Mwezi Julai 2007 akateuliwa kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Zanzibar ni sehemu ya Tanzania, sasa mtu anakuwaje Jaji Mkuu, kisha jaji wa rufani, kisha Jaji Mkuu tena?

Jibu linaanzia kwenye Katiba. Jamhuri ya Muungano ina Mahakama Kuu mbili. Moja ni Mahakama Kuu ya Jamhuri ya Muungano, iliyoundwa na ibara ya 108, ambayo kwa vitendo husikiliza mashauri ya Tanzania Bara, na shughuli zake za kila siku husimamiwa na Jaji Kiongozi. Nyingine ni Mahakama Kuu ya Zanzibar. Hii ibara ya 114 ya Katiba ya Muungano inaitambua na kuilinda, lakini inasimama kwa Katiba ya Zanzibar ya 1984, na mkuu wake, Jaji Mkuu wa Zanzibar, huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Juu ya zote mbili ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na mkuu wake ndiye Jaji Mkuu wa Tanzania, anayeteuliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Watu wengi hukosea hapa wanapodhani Jaji Mkuu wa Zanzibar ni msaidizi wa Jaji Mkuu wa Tanzania. Sivyo. Hapokei maagizo ya kiutawala kutoka Bara, na mahakimu wa Unguja na Pemba wako chini ya mahakama ya Zanzibar. Kinachovuka bahari ni rufaa. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Zanzibar inaweza kupelekwa Mahakama ya Rufani na kutenguliwa huko, kama ilivyo kwa hukumu ya Mahakama Kuu ya Bara. Ramadhani alipotoka Mahakama Kuu ya Zanzibar kwenda Mahakama ya Rufani hakushushwa cheo. Alitoka kwenye mhimili mmoja wa mahakama akaingia mwingine, ulio juu zaidi kwa upande wa rufaa.

Mahakama ya Rufani yenyewe ilikuwa bado changa. Hadi 1977 rufaa za Kenya, Uganda na Tanzania zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka huo, mahakama hiyo nayo ikafa, na Tanzania ikaunda ya kwake mwaka 1979.

Ramadhani alizaliwa Zanzibar tarehe 28 Desemba 1945. Jina lake liliwachanganya wengi, kwa kuwa alikuwa Mkristo wa Kanisa Anglikana. Alisoma sheria Dar es Salaam, wakati chuo hicho kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, akahitimu 1970 na kujiunga na Jeshi la Wananchi kama mwanasheria. Ndiyo maana baadaye watu walimwita Jaji na Brigedia kwa pamoja: alipanda hadi cheo cha Brigedia Jenerali.

Alipokabidhiwa mahakama ya Zanzibar alikuwa hajatimiza miaka 40, na alichokikuta si mfumo ambao wanasheria wa leo wangeutambua. Baada ya Mapinduzi, sheria ya 1969 ilikuwa imeanzisha Mahakama za Wananchi. Kesi za jinai zilisikilizwa na watu watatu walioteuliwa na Rais, wasiokuwa na mafunzo ya sheria, na mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ndiyo iliyoendesha mashtaka, na ndiyo iliyoandaa utetezi. Mshtakiwa alitetewa na ofisi ileile iliyomshitaki.

Mahakama hizo zilifutwa 1985, Ramadhani akiwa Jaji Mkuu. Katiba ya 1984 ilikuwa imeirudishia Mahakama Kuu mamlaka yake, kisha sheria za 1985 zikapanga upya Mahakama Kuu, mahakama za mahakimu na mahakama za kadhi. Kwangu mimi hiki ndicho kipindi kizito kuliko vyote katika maisha yake ya kazi, japo ndicho kinachotajwa kidogo zaidi. Kufuta mahakama kwa sheria ni kazi ya siku moja. Kilichochukua muda ni kupata mahakimu waliosoma, kuwarudisha mawakili mahakamani, na kuwazoesha watu kwamba hukumu hutolewa pamoja na sababu zake na inaweza kukatiwa rufaa.

Kuna mashauri ya Zanzibar ambayo hayavuki bahari kamwe. Ibara ya 99 ya Katiba ya Zanzibar inazuia rufaa kwenda Mahakama ya Rufani katika tafsiri ya Katiba ya Zanzibar yenyewe, na katika mambo ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama ya kadhi. Mirathi, talaka au edda iliyoamuliwa na kadhi itapanda hadi Mahakama Kuu ya Zanzibar, ambako jaji huketi na maulamaa, na huko ndiko mwisho wake. Mwenye shauri la namna hii akipeleka rufaa Mahakama ya Rufani, itatupwa kwa kukosa mamlaka hata kama hoja zake ni nzuri.

Mgogoro ukiwa kati ya Serikali mbili zenyewe kuhusu tafsiri ya Katiba ya Muungano, unapaswa kwenda Mahakama Maalum ya Katiba, ibara ya 125 hadi 128. Nusu ya wajumbe wake huteuliwa na kila upande, na uamuzi hauwi halali mpaka ukubaliwe na theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar. Mahakama hiyo haijawahi kukaa hata mara moja.

Kwa sababu hiyo maswali makubwa ya Muungano hupenya kwa mlango wa kesi nyingine. Mwaka 2000 Ramadhani alikuwa kwenye jopo la majaji watatu lililoamua shauri la Machano Khamis Ali na wenzake 17, wafuasi wa CUF walioshitakiwa Zanzibar kwa uhaini. Swali lilikuwa moja: je, uhaini unaweza kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar? Mahakama ya Rufani ikasema hapana. Uhaini ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano. Watu hao 18, waliokuwa rumande miaka kadhaa, waliachiwa mwaka huohuo. Wapo Wazanzibari ambao mpaka leo uamuzi huo unawauma, kwa kuwa kesi ya jinai ndiyo iliyotumika kutamka hadhi ya Zanzibar. Lakini washitakiwa walikuwa na haki ya kujibiwa swali lao, na mahakama isingeweza kulikwepa.

Shauri linaloonyesha vizuri zaidi mipaka ya jaji ni la Mchungaji Christopher Mtikila, kiongozi wa chama cha DP, aliyetaka Mtanzania aweze kugombea bila kupitia chama. Tarehe 24 Oktoba 1994, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alimpa ushindi. Bunge halikusubiri rufaa: kabla mwaka haujaisha lilibadilisha Katiba yenyewe ili iseme wazi kuwa mgombea lazima awe mwanachama na apendekezwe na chama. Mtikila akarudi mahakamani, na tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi tena. Safari hii Serikali ikakata rufaa.

Kwa kawaida Mahakama ya Rufani huketi majaji watatu. Kwa rufaa hii Jaji Mkuu Ramadhani aliongoza jopo la majaji saba. Wakaitwa pia marafiki wa mahakama watatu, yaani wataalamu wasio upande wowote wanaoisaidia mahakama kwa hoja: Profesa Palamagamba Kabudi, Profesa Jwan Mwaikusa na Othman Masoud. Hukumu ikatoka 17 Juni 2010, na Mtikila akashindwa. Jopo lilisema mahakama haina mamlaka ya kuifuta ibara iliyomo ndani ya Katiba, na kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge. Likaongeza ushauri kwa Mwanasheria Mkuu na Bunge walitazame jambo hilo.

Mimi naona jopo lilikuwa na mguu wa kusimamia katika hoja ya kwanza kuliko ya pili. Kila haki ya kupiga kura na kugombea ina siasa ndani yake, na kuliita jambo la kisiasa hakumwambii mwananchi kama haki yake imevunjwa au la.

Mwezi Machi 2010, Tanzania ilikuwa imeweka tamko linalowaruhusu raia na asasi kufungua mashauri moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha. Mtikila, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakapeleka shauri huko mwaka 2011. Wakati huo Ramadhani alikuwa ameshachaguliwa kuwa mmoja wa majaji 11 wa mahakama hiyo. Je, angeketi kupima hukumu ya jopo aliloliongoza mwenyewe?

Hapana, na hakuhitaji hata kuombwa ajitoe. Ibara ya 22 ya Itifaki ya mahakama hiyo inasema jaji ambaye ni raia wa nchi iliyo mdaawa, yaani upande katika shauri, hasikilizi shauri hilo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague haina katazo hilo: kule jaji huketi hata nchi yake ikiwa mdaawa, na nchi isiyo na jaji wake inaweza kumteua mmoja kwa ajili ya shauri hilo tu. Arusha imefunga mlango huo kabisa. Tarehe 14 Juni 2013 wenzake wakaamua, bila yeye, kwamba Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kwa kumzuia mgombea binafsi.

Wakati hukumu hiyo ikitoka, Ramadhani alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba. Rasimu ya tume hiyo ilipendekeza mgombea huru aruhusiwe, pamoja na Mahakama ya Juu itakayokuwa juu ya Mahakama ya Rufani. Wengine walimwona amegeuka. Sioni hivyo: mwaka 2010 alisema jambo hilo likaamuliwe na wanaotunga Katiba, na mwaka 2013 alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuandika rasimu ya Katiba.

Mbona basi ujaji mkuu wake ulidumu miaka mitatu na nusu tu? Ni umri. Jaji wa Mahakama Kuu ya Muungano hustaafu akiwa na miaka 60, wa Mahakama ya Rufani 65, na Jaji Mkuu hufuata kikomo cha Rufani. Ramadhani aliteuliwa akiwa na miaka 61, akatimiza 65 tarehe 28 Desemba 2010, na Mohamed Chande Othman akashika nafasi. Mahakama ya Afrika haihesabu umri bali vipindi vya miaka sita, kwa hiyo aliweza kuendelea huko hadi 2016. Kuanzia Septemba 2014 alikuwa Rais wake, wadhifa pekee wa kazi ya muda wote, kwani majaji wengine 10 huja Arusha kwa vikao.

Kabla ya hapo alikuwa pia miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa 2001, na Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi kuanzia 1993. Nafasi hiyo ya tume nayo ina hesabu ya Muungano: Mwenyekiti akitoka upande mmoja, Makamu lazima atoke upande wa pili. Mwaka 2015 alichukua fomu ya kuomba kuteuliwa na CCM kugombea urais, akiwa bado Rais wa Mahakama ya Afrika. Hapo naungana na waliomkosoa, kwa kuwa angepaswa kuachia kiti kwanza. Baada ya kustaafu ujaji mkuu alipewa pia daraja la ukasisi katika kanisa lake.

Alifariki dunia tarehe 28 Aprili 2020. Miezi mitano kabla, Novemba 2019, Tanzania ilikuwa imetoa taarifa ya kuliondoa tamko la Machi 2010, na kuondolewa huko kukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Mashauri yaliyofunguliwa kabla ya siku hiyo yanaendelea kusikilizwa. Mapya ya raia mmoja mmoja dhidi ya Tanzania hayapokelewi tena Arusha, na kwa Mtanzania ngazi ya mwisho imerudi kuwa Mahakama ya Rufani.