Uwanja wa gofu wa zamani: maneno ya barazani na ukweli wake

Likizuka wazo la kuurudishia uwanja wa zamani sura yake ya mwanzo, hapa Arusha au kule Moshi, majibu ni yale yale: tutafilisika, miti yetu itakatwa, na wazee wanataka kutukomoa. Hofu ya miti ina haki yake. Mengine hayana msingi.

Dhana kubwa ni kwamba kurejesha maana yake ni kujenga upya. Sehemu kubwa ya kazi ni kufukua kilichofunikwa. Chukua grini, yaani eneo la nyasi fupi sana lenye shimo. Mkata nyasi akiogopa kukwangua ukingo ukabaki kipara, hugeuza mashine kidogo ndani ya mstari. Kesho yake mwenzake naye hivyo hivyo. Mwaka mzima huoni kitu, lakini baada ya miaka 50 grini iliyokuwa pana na yenye pembe imebaki kijiduara. Zile kona ambako shimo likiwekwa linamtesa aliyepiga mpira upande mbaya zimemezwa na nyasi za kikuyu, na bunka, lile shimo la mchanga lililochimbwa ubavuni mwa grini, sasa inalinda majani matupu.

Mpaka wa zamani unatafutika. Zamisha bomba la kupimia udongo nje kidogo ya grini ya sasa, kisha ulitoe. Palipokuwa grini utaona tabaka za mchanga uliomwagwa juu mwaka hadi mwaka. Sogea hatua moja, rudia, hadi mchanga ukome ubaki udongo mtupu. Hapo ndipo ukingo ulipokuwa. Chomeka kijiti, nenda upande wa pili. Vijana wawili wa uwanjani wanaiweza kazi hiyo, wala haihitaji mtaalamu wa kuletwa kwa ndege.

“Lakini hatuna michoro.” Mara nyingi haihitajiki. Uwanja wa Pinehurst No. 2 kule Marekani, kazi ya mbunifu wa viwanja Donald Ross iliyofunguliwa mwaka 1907, ulirejeshwa 2010 na 2011 na wabunifu Bill Coore na Ben Crenshaw wakitegemea sana picha za anga za mwaka 1943. Waling'oa ekari kadhaa za nyasi zilizokuwa zikimwagiliwa, mchanga na majani ya porini vikarudi, na matumizi ya maji yakashuka. Mwaka 2014 uwanja huo ulibeba US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, ya wanaume na ya wanawake kwa wiki mbili mfululizo. Kwetu pia Waingereza walipiga picha za anga kwa ajili ya ramani, kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, ulizia kwa watu wa upimaji na ramani. Ulizia na makedi wazee, wale wabeba mifuko ya wachezaji.

Miti sasa. Wengi huamini ni sehemu ya uwanja wa asili. Jakaranda asili yake ni Amerika Kusini, mgrevilea na mkaratusi ni wa Australia; hata kwenye uwanja mkongwe, wapo waliopandwa baadaye kupamba au kutenganisha feawei, zile njia za nyasi fupi zielekeazo kwenye grini. Kivuli kikizidi, nyasi za grini hudhoofika. Uwanja wa Oakmont wa Marekani, wa mwaka 1903, uliondoa maelfu ya miti, na mwanzoni walikata alfajiri kabla wanachama hawajafika! Mimi siungi mkono kuiga hilo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito, na mwenye kijito uwanjani asiguse huko kabla ya kuuliza. Ondoa mti unaoziba njia ya mpira au jua la asubuhi, mwingine uache.

Wapo pia wanaodhani lazima turudi kwenye “brauni”, zile grini za mchanga uliochanganywa na oili. Hapana. Kinachorejeshwa ni umbo na maswali anayoulizwa mchezaji. Na mashimo 9 ya Arusha Gymkhana au ya Moshi Club si upungufu: St Andrews wenyewe, uwanja mkongwe wa Scotland, walikuwa na 22 hadi walipopunguza kuwa 18 mwaka 1764.

Kuhusu hofu kwamba uwanja utakuwa mgumu, grini ikipanuka anayeanza anapata pa kutua. Anayebanwa ni fundi anayetaka kusogelea shimo la kona.

Ukianza kuipanua grini, shusha urefu wa nyasi za eneo unalorudisha kidogo kidogo wakati wa mvua, zinapokua kwa nguvu. Agosti, kwa baridi na ukavu wa huku, utaambulia kipara.