Mafunjo si magugu: dhana potofu ninazokutana nazo Dunga

"Hapa hakuna wanyama, ni magugu matupu." Jumamosi nimeyasikia tena maneno haya, safari hii kutoka kwa mgeni aliyefika ufuo wa Dunga saa tano na nusu mchana, jua likiwa kali, akitokea moja kwa moja kwenye hifadhi ndogo ya Impala mjini Kisumu. Kule alikuwa amemwona simba nyuma ya waya, mwili mzima, kwa muda aliotaka. Akadhani nami nitamwonyesha kitu cha namna hiyo.

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye kinamasi cha Dunga, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kama kilomita 10 kusini mwa mji. Nasikia mengi yasiyo ya kweli, lakini hili la magugu linaniuma kuliko yote, kwa sababu haliishii kwenye matembezi yaliyoharibika. Anayeamini kwamba mafunjo, ile mimea mirefu ya kinamasini, ni magugu ndiye huyo huyo atakayeunga mkono yachomwe, yang'olewe, ufuo umwagiwe kifusi ili "pawe pasafi". Kwa hiyo nitakaa hapa kwanza.

Watu wanachanganya mafunjo na gugumaji. Gugumaji ni mgeni. Asili yake ni Amerika Kusini, na lilianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Linaelea bila kushikwa na kitu, linasukumwa na upepo, leo limeziba gati, kesho limehamia upande wa pili wa Ghuba ya Winam. Mafunjo, ambayo wavuvi wetu huita togo, ni ya hapa hapa Afrika. Yamejishika ukingoni, mizizi imesukana ikawa zulia nene linaloelea juu ya maji. Kata shina moja ulitazame: lina pembe tatu, ngozi ya kijani, na ndani ni nyama nyeupe laini iliyojaa hewa. Kilele kinafika mita 4 au 5, kikiwa na nyuzi nyingi zilizotawanyika, na kwenye nyuzi hizo ndege wadogo hufunga viota.

Sasa, sikiliza kazi yake. Maji ya mito na mitaro yanaingia ziwani na udongo, maji taka na mbolea ya mashambani. Yakipita kwenye mafunjo mwendo wake unapungua, udongo unatua chini, na mizizi inanyonya naitrojeni na fosforasi. Hizo mbili ndizo zinazolilisha gugumaji. Anayeng'oa mafunjo kwa nia ya kupunguza magugu ziwani, basi, anayaandalia magugu chakula. Hili nimelieleza mpaka sauti imekauka, na bado mtu anashuka kwenye boti akiniuliza kwa nini serikali haijaleta mashine ya kufyeka "haya yote".

Halafu kuna samaki. Chini ya zulia lile majani yanaoza na hewa ya oksijeni ndani ya maji ni kidogo sana. Mbuta, yaani sangara, aliyeletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 na kuwala samaki wengi wa asili, hawezi kukaa kwenye maji ya namna hiyo. Fulu kadhaa, samaki wadogo wa asili, wanaweza. Kamongo ndiye anayefaidi zaidi, maana ana mapafu, anapanda juu kuvuta pumzi na kurudi. Huzaa humo humo kwenye kinamasi, na dume ndiye hulinda kiota. Kule Siaya, Ziwa Kanyaboli lililozungukwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala bado lina ngege wa asili, aina ya perege, ambaye katika ziwa kubwa karibu ametoweka. Kinamasi ni maficho ya samaki. Mvuvi mzee yeyote wa hapa anajua hilo.

Na ndege. Yupo mmoja, gonoleki wa mafunjo, ambaye watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta. Mgongo mweusi, utosi wa manjano, kifua chekundu cha damu, mstari mweupe kwenye bawa. Anaishi kwenye mafunjo tu, katika eneo hili la Ziwa Victoria na majirani zake. Mafunjo yakiisha hahamii kwenye mti wa mwembe, anaisha nayo. Dume na jike huitikiana, mmoja akianza mwingine anamalizia, kwa haraka kiasi cha kudhani ni ndege mmoja. Utamsikia kabla ya kumwona, na pengine hutamwona kabisa ukifika saa tano na nusu na spika ya muziki kwenye boti.

Nzohe naye, yule swala wa majimaji, ni vivyo hivyo. Kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame kwenye matope, na akishtuka huingia majini akabakiza pua. Mnyama wa kujificha kiasi hicho hawezi kukungoja kando ya njia. Anayetaka nafasi nzuri zaidi ya kumwona aende Saiwa, karibu na Kitale, ambako hifadhi ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili yake, na kuna majukwaa ya kukaa na kutazama kimya.

Sisemi mafunjo yasikatwe. Akina mama wanaosuka mikeka na vikapu wanayahitaji, na shina likikatwa juu ya maji, mzizi ukabaki na kupewa muda, linachipua. Wakate kipande hiki mwaka huu, kingine kipumzike. Ninachopinga ni moto. Moto hauchagui kiota, na maji yakiwa yamepungua unashuka hadi kwenye mizizi.

Ushauri wangu ni mmoja na sibadilishi: fika kabla jua halijachomoza, zima injini kando ya mafunjo, kaa dakika 15 bila kusema neno. Mdiria atarudi kwenye shina lake. Furukombe ataita. Fisi maji akiwepo atatoa kichwa. Alfajiri ziwa pia limetulia, kwani upepo wa ziwani huanza baadaye mchana na kuleta mawimbi.

Sasa dhana nyingine ninazozisikia. "Kiboko hula nyasi, hana shida na mtu." Kula nyasi ni kweli. Lakini kiboko hamshambulii mtu ili amle. Anashambulia kwa sababu umeingia kwenye sehemu ya maji anayoilinda, umemkaribia mtoto wake, au umesimama kati yake na ziwa anaporudi kutoka malishoni. Ana uzito wa zaidi ya tani moja na nchi kavu anakimbia kama kilomita 30 kwa saa, kwa hiyo usijipime naye. Majini haogelei sana, anatembea chini, na anaweza kukaa huko kama dakika 5, ndiyo maana ukimwona amezama hujui atatokea wapi. Akipanua mdomo watu hucheka na kusema ana usingizi. Anakuonyesha meno. Anakwambia uondoke. Mimi sisogezi boti karibu kuliko mita 50, na mgeni anayeniongezea pesa ili nisogee namrudisha ufuoni, pesa zake mkononi. Jaketi la kuokolea huvaliwa, halikaliwi.

"Maji yaliyopita kwenye mafunjo yamechujwa, yanyweke." Hapana. Mafunjo yanapunguza udongo na mbolea, hayaui vijidudu. Tena penye mimea na maji yaliyotulia ndipo wanapokaa konokono wa kichocho, na kichocho huingia kupitia ngozi, kwa hiyo hata kuning'iniza miguu nje ya boti si jambo la kufanya. Beba maji yako.

"Kenge ana sumu, auawe." Kenge hana meno ya sumu kama ya nyoka. Ukimbana atauma na kukuchapa kwa mkia, ukimwacha atakimbia. Anakula kaa, konokono, na mayai, yakiwemo ya mamba. Mwacheni.

"Msimu ni Julai na Agosti." Huo ni msimu wa nyumbu wa Mara. Ndege wakaazi wa Dunga wapo mwaka mzima, na kuanzia Oktoba hadi karibu Aprili wanaongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia, mbayuwayu wakiwa wengi. Ukiniuliza mimi nitakuambia uje Novemba au Desemba, siku ya kazi, si Jumapili wakati ufuo umejaa watu wa samaki. Panga na nahodha jioni iliyotangulia, kwa sababu boti ya wageni inayongoja hadi saa mbili asubuhi imeshapoteza nusu ya ndege. Darubini ndogo inatosha. Nguo ziwe za kijani au kahawia, na spika ibaki garini.