Mwendo wa utumbo ndani ya MRI

Kwa muda mrefu sisi wa radiolojia tumeuona mwendo wa utumbo kama kero. Mgonjwa amelala ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ametulia kabisa, lakini utumbo wake haujui habari hiyo: unakaza, unalegea, unasukuma, na picha inatoka na ukungu. Dawa yake ni sindano ya hayosini, inayotuliza misuli ya utumbo kwa muda ili tupige picha safi. Mimi huomba dakika chache kabla ya sindano hiyo ili nipige filamu ya mwendo huo, kwa sababu ugonjwa mara nyingine umo kwenye mwendo wenyewe.

Maandalizi ndiyo yanayochosha. Mgonjwa hukaa na njaa saa kadhaa, kisha hunywa kama lita moja, pengine na nusu, ya maji yenye manitoli, kitu cha jamii ya sukari, kwa muda wa dakika 40 hadi 60. Manitoli haifyonzwi vizuri, hivyo maji hubaki ndani ya utumbo mwembamba na kuufungua. Utumbo uliosinyaa haupimiki, maana kuta zake zimeshikana na huoni upi umesogea. (Baadaye anaweza kuharisha. Aambiwe mapema, na choo kisiwe mbali.)

Kisha anabana pumzi kwa sekunde 20 hivi, nasi tunapiga picha ya tabaka moja la tumbo kila sekunde au chini ya hapo. Anapumua, tunahamia tabaka jingine. Picha za tabaka moja zikichezwa mfululizo, ni filamu. Sekunde 20 zinaonekana chache, ila utumbo mwembamba una kasi: sehemu yake ya kwanza inaweza kukaza mara 12 hivi kwa dakika, na kule mwishoni mara 8 hivi. Kwa hiyo tunanasa mikazo mitatu au minne.

Jicho lililozoea huiona sehemu iliyolala papo hapo. Shida ni kwamba madaktari wawili wakitazama filamu moja, mmoja ataandika “umepungua kidogo” na mwenzake “kawaida”. Njia rahisi ya kupata namba ni kuchora mstari unaokata utumbo, kupima upana wake katika kila picha, na kuhesabu mawimbi. Njia ninayoipendelea ni ya programu: huzilinganisha picha zote na moja iliyoteuliwa, ikikokotoa kila nukta ilivyotanuka au kubanwa ili zioane. Nukta iliyobadilika sana kadiri sekunde zilivyopita hupata alama ya juu. Matokeo ni ramani ya rangi, na sehemu iliyolala hujitenga yenyewe.

Faida kubwa nimeiona kwa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa muda mrefu unaoleta uvimbe kwenye utumbo. Kipande chenye uvimbe huelekea kupunguza mwendo, na matibabu yakikubali mwendo huo unaweza kurudi. Wengi wao ni vijana watakaopimwa tena na tena maishani, nayo MRI haina mionzi ya eksirei. Filamu hizi hazihitaji hata dawa ya kung’arisha picha kupitia mshipa.

Utumbo mpana ni habari nyingine kabisa. Unaweza kunyamaza dakika nyingi, kisha ukasukuma kwa nguvu mara moja, kwa hiyo sekunde 20 hazikuambii kitu. Hapo tunauchokoza kwa mgonjwa kunywa lita moja ya maji yenye makrogoli, dawa ya kulainisha choo, na kuutazama kwa muda mrefu zaidi, au anameza vidonge maalumu vinavyoonekana kwenye MRI, tukaangalia kesho yake vimefika wapi. Kazi nyingi ya namna hii imefanywa Nottingham, Uingereza, mji uleule ambako Peter Mansfield alibuni njia za kupiga picha za MRI kwa kasi zilizochangia Nobel yake ya mwaka 2003.

Kinachonikera ni ripoti yenye alama ya mwendo peke yake, bila maelezo. Alama hiyo hushuka mgonjwa akiwa ametumia mofini, dawa kali ya maumivu, na hubadilika kwa wingi wa maji aliyokunywa. Pumzi ikimponyoka katikati, tumbo zima husogea na programu inaweza kudhani ni utumbo. Vilevile, kipande kikiteleza nje ya tabaka tunalopiga, kitaonekana kimekaza kumbe kimeondoka tu. Kwa hiyo kando ya alama naandika alikunywa kiasi gani, alimaliza saa ngapi, anatumia dawa gani, na aliweza kubana pumzi au la. Akirudi baada ya matibabu, tunampima kwa maandalizi yaleyale. Yakishindikana, sizilinganishi alama hizo mbili.