Kwa nini anayetafuta nyota yako huuliza jina la mama, si la baba?

Kitambulisho cha Mzanzibari kina majina matatu na yote yanaelekea upande mmoja: lako, la baba, la babu. Skuli hivyo hivyo, kwa kadhi hivyo hivyo. Lakini mtu akenda kwa mwalimu wa falaki, elimu ya nyota, awe wa Unguja au wa Pemba, kwa sababu mambo yake hayasimami, kila kazi anaianza na kuiacha, na hajui hata aliumbiwa lipi, ataulizwa jina lake moja tu. Kisha: "Na mama'ko nani, mwanangu?" Baba hatajwi.

Jibu utakalopewa barazani ni la haraka: mama ana uhakika, baba ni wa kuambiwa. Watu hucheka, na lina ukweli wake. Ila kwangu mimi halitoshi. Kama shida ni uhakika wa nasaba tu, kadhi anayegawa mirathi angekuwa wa kwanza kuuliza jina la mama. Mwalimu wa falaki hana haja na ukoo wako. Anatafuta kitu chengine, na ili kukielewa inabidi tujue kwanza mtu, kwa wanaoamini haya, ameundwa na nini.

Nyama na damu ni upande mmoja. Upande wa pili hauonekani. Imam Ghazali (1058–1111), ambaye masheikh wa pwani hii wanamjua kama jirani yao, aliufungulia upande huo mlango mzima katika kitabu chake cha Ihyaa. Alichukua vitu vinne, moyo, roho, nafsi na akili, akaeleza kwamba kila kimoja kina maana mbili. Moyo ni lile pande la nyama lililo kifuani, ambalo hata mnyama analo, hata maiti analo. Na moyo pia ni latifa: kitu chepesi, cha kiroho, kisichoshikika, ambacho ndicho kinachojua na ndicho kitakachoulizwa Siku ya Kiyama. Kwa maana hiyo ya pili, anasema, vyote vinne vinakutana kwenye latifa moja.

Masufi waliokuja baadaye hawakuishia hapo. Wanaqshbandi wa India, kwa kufuata mafunzo ya Sheikh Ahmad Sirhindi aliyefariki 1624, walizipa latifa mahala pake kifuani: ya moyo kushoto, ya roho kulia, nyengine kuelekea katikati. Wahindu nao walikuwa na ramani yao ya zamani, chakra, yaani vituo vya nguvu, zilizopangwa kufuata uti wa mgongo. Zanzibar hatuna desturi ya kuchora ramani. Tuna zikiri. Tariqa ya Qadiriyya, iliyoenezwa hapa na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa (1847–1909), ina zikiri ambayo watu huiita ya kukohoa: wanaume wamesimama safu, wanainama na kuinuka kwa pamoja, na jina la Mwenyezi Mungu linavutwa ndani na kutolewa mpaka herufi zinapotea na kubaki pumzi. Ukisimama pembeni ya safu unaona kanzu zinavyotota mgongoni, na kifua cha jirani yako unakisikia kabla ya sauti yake. Sijui maelezo gani ya kitabu yangemfahamisha mtu kuhusu mwili usioonekana kuliko hayo.

Watu wa falaki wanaongeza kitu kimoja kwenye orodha ya Ghazali: nyota. Hiyo ni sehemu ya mtu iliyo nje ya ngozi yake. Inaweza kung'ara, inaweza kufunikwa kwa hasadi, inaweza kuchafuka. Vijana wa leo wanasema inaibika kabisa, na fundi aliyekosa wateja mwaka mzima utamsikia akilalamika kwamba kachukuliwa nyota yake. Matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme yanaahidi kuisafisha, sambamba na kumrudisha mume aliyepotea. Walimu wa heshima zao hawabandiki matangazo. Wao huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wakaiosha kwa marashi, ukapewa kombe unywe, na ukarudi nyumbani na udi wa kujifukizia.

Lakini kabla ya kusafishwa, nyota lazima ijulikane ni ipi. Hapa ndipo jina la mama linapoingia, na hesabu yake nitaionesha yote kwa sababu wengi wetu tumeisikia bila ya kuiona.

Katika abjadi kila herufi ya Kiarabu ina thamani: alifu 1, be 2, jimu 3, mpaka ghaini, 1000. Tumchukue Juma, mtoto wa Zainabu. Juma huandikwa kwa jimu (3), mimu (40), aini (70) na ile te ya duara ya mwisho, ambayo walimu wengi huihesabu kama he (5). Jumla 118. Zainabu ni zai (7), ye (10), nuni (50) na be (2), jumla 69. Ukikusanya unapata 187. Mwalimu sasa anatoa 12, anatoa 12 tena, kwa kuwa buruji, yaani makundi ya nyota yanayotumika kwenye falaki, ni 12, mpaka kibaki kisichoweza kutolewa. Kinabaki 7. Buruji ya saba ni Mizani, nyota ya upepo.

Haya, Juma wa pili. Kazaliwa wodi ile ile, asubuhi ile ile, mama yake Mariamu: mimu 40, re 200, ye 10, mimu 40, jumla 290. Ongeza 118 za Juma, unapata 408, na 408 inagawika kwa 12 bila ya baki. Kisipobaki kitu huhesabiwa 12 yenyewe, nayo ni Hutu, Samaki, nyota ya maji. Basi hawa wawili, ambao gazeti la nyota za tarehe lingewapa ukurasa mmoja, mwalimu anawapa dawa tofauti. Buruji zote 12 zimegawiwa moto, udongo, upepo na maji, tatu tatu, na dawa hufuata asili hiyo: hirizi ya mtu wa moto huchomwa au huwekwa karibu na jiko, ya upepo hutundikwa mtini, ya udongo huzikwa, ya maji hutupwa baharini. Wachumba nao hutazamiwa hivyo hivyo kabla ya posa kwenda mbali, maana moto na maji ndani ya nyumba moja, inasemwa, hazikai.

Hesabu hii ina ufa, na ni vyema tuutazame. Wapo wanaoshikilia kwamba te ya duara ni te kama te nyengine, ihesabiwe 400. Juma wa Zainabu hapo anafika 582, kinabaki 6, naye anatolewa Mizani akatiwa Sumbula, nyota ya udongo. Mtu yule yule, mama yule yule. Kilichobadilika ni kama nukta mbili juu ya herufi ya mwisho zimetiliwa maanani au la, na hirizi iliyokuwa itundikwe mtini sasa inachimbiwa shimo.

Turudi kwa mama. Desturi ya kumtambua mtu kwa mama yake katika mambo ya dawa na kinga ni kongwe kuliko Uislamu wenyewe. Huko Nippur, kusini mwa Iraq, wachimbaji wa karne ya 19 walifukua mabakuli ya udongo yaliyofukiwa kifudifudi chini ya sakafu za nyumba, yameandikwa ndani kwa Kiaramu, mstari unazunguka kama konokono, kuwazuia mashetani wasiingie. Mabakuli ya namna hiyo ni ya karne ya 5 mpaka ya 7 au zaidi kidogo, na mwenye nyumba huandikwa ndani yake kuwa ni fulani mtoto wa fulani, na huyo fulani wa pili ni mwanamke. Makaratasi ya uganga ya Kigiriki yaliyopatikana Misri yana mtindo huo huo: fulani, aliyezaliwa na bibi fulani. Na katika Talmudi ya Mayahudi wa Babeli, mwanachuoni Abaye wa karne ya 4 anasimulia kanuni kwamba azima zinazorudiwa husomwa kwa jina la mama. Anasema kaipata kwa mama yake mlezi. Abaye alizaliwa yatima, mama aliyemzaa alifariki wakati wa kumzaa.

Maarifa hayo yakahamia kwenye vitabu vya Kiarabu vya nyota na herufi, kikiwemo kile maarufu kinachonasibishwa kwa Abu Ma'shar, mnajimu wa Baghdad aliyefariki 886, na vitabu vikapanda majahazi kuja huku. Mwalimu wa Wete, Pemba, anapouliza "mama'ko nani" anarudia swali lililokwishaulizwa Iraq kabla ya Mtume kuzaliwa.

Kwa nini swali hilo limedumu? Naona sababu mbili, na zote ni za kazi. Ya kwanza, kwa karne nyingi watu wachache mno walijua tarehe yao ya kuzaliwa, wakati jina la mama kila mtu analo, na haliandikwi na serikali likakosewa. Ya pili ni nzito zaidi. Jina la baba ni la hadharani, unalibeba kila uendapo. Jina la mama ni la ndani. Unamjua mtu miaka kumi kazini na usilijue. Ndiyo maana wazee hutukataza kulitaja ovyo mbele ya mgeni, kwa hofu kwamba mwenye nia mbaya akilipata kapata njia ya kukufikia. (Benki nazo zimelifahamu hilo. Ukisahau namba yako ya siri, nao wanakuuliza mama'ko nani.)

Kuna mahala pengine ambapo Mzanzibari huitwa kwa mama yake, na hapo hakuna wa kucheka. Ni kaburini. Sisi wengi ni Mashafi, na maiti akishazikwa kwa desturi yetu anasomewa talkini, anakumbushwa majibu ya malaika. Hadithi ambayo talkini inasimama juu yake, ambayo wanachuoni wengi wanaihesabu dhaifu, inaelekeza maiti aitwe fulani mwana wa fulani, yaani mama. Duniani Qurani inaamrisha tuwaite watu kwa baba zao, imo katika sura ya 33 aya ya 5. Mwili ukishafunikwa na udongo, talkini inamwendea yule aliyebaki kwa jina jengine.

Sasa, je, nyota inamwambia Juma aliumbiwa nini? Mwalimu atafungua kitabu amsomee tabia za Mizani, kazi inayomfaa, siku zake njema, fukizo lake. Wa upepo wanaambiwa biashara, safari, maneno. Ukweli ni kwamba Mzanzibari gani hajawahi kufikiria biashara au safari? Kinachomsaidia Juma, nadhani, ni ile saa moja aliyokaa juu ya mkeka akaulizwa maswali na mtu mzima asiye na haraka. Kuhusu hukumu ya dini, masheikh hawafichi: hadithi ya Sahihi Muslim inasema anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Na kuhusu roho yenyewe, sura ya 17 aya ya 85 imekata maneno: ni katika mambo ya Mola wangu, nanyi hamkupewa elimu ila kidogo.

Masheikh wana jibu lao kwa swali la Juma. Wanamwambia asali istikhara, sala ya kumuomba Mungu amchagulie lenye kheri, rakaa mbili, kisha ashike jambo moja. Na humkumbusha maneno aliyoyasema Mtume maziarani Baqii, Madina, masahaba walipomuuliza kama yote yameshaandikwa kuna haja gani ya kufanya kazi. Aliwajibu wafanye, kwani kila mmoja hurahisishiwa lile aliloumbiwa. Ukiisoma hadithi hiyo kwa makini, dalili ya njia yako unaipata ukiwa umeshaanza kuitembea.

Ipo na njia ya tatu, isiyo na kalamu wala msala. Mtu anaumwa, hospitali hawaoni kitu, na ngomani linatoka neno kwamba ana sheitani anayemtaka kwa kiti, yaani awe mtu wa kupandwa naye, pengine anayetaka awe mganga hasa. Huyo haulizwi mama yake. Anayeulizwa jina na kabila ni sheitani: wa ruhani, Mwislamu wa Uarabuni, anayetaka udi na marashi, wa kibuki, Mkristo wa Bukini (Madagaska), anayetaka brandi, wa habeshia, wa Uhabeshi, au wa rubamba, wa Pemba. Wako waganga wakubwa visiwani ambao hawakuchagua kazi hiyo. Waliugua kwanza, wakakataa, wakaugua zaidi.

Na kama jina la mama halijulikani, mtoto aliokotwa au amelelewa mbali na kwao? Hapo mwalimu wa falaki na msoma talkini wanakubaliana: huitwa mwana wa Hawa. Hawa ni he nyengine, ile ya kooni (8), wau (6), alifu (1), jumla 15. Juma wa Hawa anakuwa 133, kinabaki 1, Hamali, nyota ya moto. Isipokuwa kwa wale wanaoihesabu na hamza ya mwisho. Kwao inabaki 2, Thauri, udongo, na hirizi inazikwa.