Uraibu wa kazi: unapimwaje, na chanzo chake ni nini?

Anayefanya kazi saa 14 kwa siku ni mraibu?
Si lazima. Mwenye deni anaweza kukesha kazini, na deni likiisha akalala usingizi mnono. Mraibu hata akiwa likizo hatulii: mwili uko nyumbani, akili iko kazini.

Unapimwaje?
Kipimo kimoja kinachojulikana sana ni cha Bergen, kilichochapishwa mwaka 2012 na watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei. Kina maswali 7 kuhusu mwaka uliopita: je, umewaza namna ya kupata muda zaidi wa kazi? Umefanya kazi muda mrefu kuliko ulivyokusudia? Umeitumia kupunguza hatia, wasiwasi au huzuni? Umeambiwa upunguze ukapuuza? Umekosa raha ulipozuiwa kufanya kazi? Umeacha mazoezi na mapumziko kwa ajili yake? Imeathiri afya yako? Kila jibu lina alama, kuanzia 1 (kamwe) hadi 5 (daima). Ukipata 4 au 5 katika maswali 4 au zaidi, kuna dalili ya uraibu.

Kwa nini nisijumlishe alama tu?
Kwa sababu jumla hudanganya. Aliyejibu 3 kote ana 21, lakini hajafika kwenye kigezo. Aliyejibu 4 mara nne na 1 mara tatu ana 19 tu, naye amefika. Kosa jingine ni kujipima peke yako. Mraibu hujiona mchapakazi tu. Mwombe unayeishi naye akujibie kwenye karatasi ya pili, kisha linganisheni.

Nikifika hapo, nina ugonjwa?
Hapana. Uraibu wa kazi haumo kama ugonjwa katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Kipimo huchuja tu: huonyesha nani achunguzwe zaidi.

Mzizi wake uko wapi?
Mara nyingi ni hofu, wala si kuipenda kazi. Wapo waliokua wakisifiwa pale tu walipofaulu, wakajifunza kwamba thamani yao ni matokeo yao. Wapo wasiovumilia kosa hata dogo. Wengine hukimbia huzuni: wakiacha kazi hatia hupanda, wakiirudia hushuka, na nafuu hiyo ya muda ndiyo inayokaza fundo. Utafiti wa mwaka 2016 kwa wafanyakazi 16,426 wa Norwei ulikuta dalili za wasiwasi na sonona zikiwa nyingi zaidi kwa waraibu.

Nianzie wapi?
Weka saa ya kuacha kazi. Ikifika, acha, kisha andika unachohisi kwa dakika 10 bila kugusa simu. Ukiona hofu au huzuni ileile inarudi kwa wiki 2, peleka maandishi hayo kwa mshauri nasaha. Yatamfaa kuliko hesabu ya saa ulizofanya kazi.